Picha mbili za treni mezani, utachagua gani? Vile mimi hufanya siku hizi

Naanza na kosa langu manake ndilo limenifanya niandike hii. Tulikuwa watu sita tunaopenda treni, wanne wa Nakuru na wawili wa Kisumu, tukakubaliana kila mtu alete picha zake tuchague moja ya kuwekwa kwa fremu. Zikaja picha 41. Mimi ndiye nikapewa kazi ya kuamua na nikamaliza kwa dakika kumi hivi, nikachukua ile ya treni imesimama stesheni ya Kisumu jioni, mbingu yote rangi ya chungwa, kila mtu akaguna vile ni nzuri. Basi.

Sasa babu ya mmoja wetu alikuwa hapo anakunywa chai, mzee aliyefanya kazi ya reli miaka mingi. Tukampa picha azione tu, kwa heshima. Akawa anashika moja moja anauliza swali moja tu: "Hii inapanda ama inashuka?" Tukawa tunaangaliana. Picha baada ya picha hatuna jibu, mpaka akafika kwa moja ya kijivu kijivu hivi, treni ya mizigo kwa ukungu kati ya Londiani na Mau Summit, mimi nilikuwa nimeiweka huko nyuma kabisa manake rangi zake zimepoa. Akasema hii inapanda, tena imebeba. Tukamuuliza umejuaje mzee? Akatuonyesha kwa kidole: moshi mweusi mzito juu ya injini, na viungo kati ya mabehewa vimevutika vikakaza kama kamba ya ng'ombe anayekataa kuenda. Ikishuka, akasema, mabehewa yanasukumana, viungo vinalegea, na injini iko kimya kiasi.

Hilo swali limebadilisha vile naangalia picha ya treni mpaka leo. Si unajua hii reli yetu vile ilivyo, kutoka Nakuru unapanda mpaka Mau Summit zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, alafu unateremka mpaka ziwani Kisumu mita 1,100 na kitu, na yote hiyo ni kilomita 217 tu. Ni reli ya milima. Picha ya treni ya huku ambayo haionyeshi mlima hata kidogo, haionyeshi kazi, kwangu mimi hiyo ni picha ya rangi ya treni, si picha ya treni. Kwa hivyo nikiwa na picha mbili zimelingana, ile inayoniambia treni inafanya nini na iko wapi ndiyo inashinda, hata kama ile ingine inang'aa zaidi.

Kitu kingine ni mwanga, na hapa naomba tuwe na haki kidogo na wapiga picha. Watu hupenda kusema "uso wa injini uko giza, toa hiyo". Lakini fikiria ile ratiba tuliyozoea, treni ya abiria inatoka Nairobi Ijumaa jioni inafika Kisumu Jumamosi asubuhi, huko Molo na Londiani inapita usiku, hauoni kitu. Mwanga unaipata ikiwa huku chini, Muhoroni, Chemelil, Kibos, kwa mashamba ya miwa. Na inaelekea magharibi, jua linachomoza nyuma yake, lazima uso uwe na kivuli! Jumapili jioni ikirudi inaelekea mashariki na jua linazama nyuma yake tena, kivuli tena. Yaani treni yetu ya abiria inatukimbia na jua lake kila safari. Sasa yule kijana ambaye alijua hivyo akaenda kutafuta kona, mahali reli inapinda mwanga upate ubavu wa mabehewa, huyo amefanya kazi ambayo haionekani kwa haraka na mimi humpa alama zake. Na treni ya mizigo ukiipata saa sita mchana, jua la huku karibu na ikweta liko utosini, magurudumu yote yanakuwa giza tupu chini ya injini. Kabla ya saa tatu asubuhi ama kuanzia saa kumi jioni ndio kidogo unapata kitu.

Kuhusu simu: nyingi ya picha tunazopata ni za simu na mimi sina shida na hilo. Ila angalia milango na madirisha ya mabehewa, kama yameinama upande mmoja na nguzo za nyuma zimesimama wima, hiyo ni simu inasoma picha mstari kwa mstari na treni inapita kasi, si ufundi, usidanganyike ni mbwembwe za kamera. Tofautisha na ile mtu amefuata treni na kamera kwa mkono, injini inakuwa safi na miti ya nyuma inafutika. Hiyo ni ngumu sana, nikiiona hata kama imekatwa vibaya kidogo pembeni naiweka juu.

Mambo ya filta sitaongea sana. Nyasi zikiwa kijani kuliko majani ya chai ya Kericho, weka kando.

Sasa jinsi ya kulinganisha. Usiangalie kwa simu, tafadhali, kwa simu kila picha ni nzuri na yule mwenye skrini kubwa anashinda bure. Printi zote saizi moja, sisi hufanya inchi sita kwa nne, na uprinti mahali pamoja siku moja, manake mwaka mmoja tuligawanya kwa studio mbili na moja ikatoa picha zote nyeusi, tukakaribia kumnyima mtu haki yake kwa kosa ambalo si lake. Ficha majina, andika namba tu nyuma. Kisha mbili mbili: weka mbili mezani, chagua moja, iliyobaki ipambane na ingine. Ukijaribu kuangalia 41 kwa pamoja jicho linaenda kwa ile ina rangi kali, kama mimi nilivyofanya. Na ukimaliza lala, rudia kesho yake. Mimi nikirudia huwa nabadilisha mawazo kwa tatu ama nne hivi, na hizo ndizo za kujadili na wenzako.

Picha za injini za zamani tenganisha. Mtu akienda makumbusho ya reli Nairobi akapiga ile injini ya mvuke aina ya Garratt, namba 5918, jina lake Mount Gelai, mashine kubwa ya ajabu iliyoundwa Manchester miaka ya 1950, imesimama tu, ana siku nzima ya kuzunguka. Usimshindanishe na mtu aliyengoja treni ya mizigo masaa manne kwa mvua na akapata sekunde kumi.

Na hili sipunguzi hata kidogo: picha iliyopigwa mtu amesimama katikati ya reli na treni inakuja, hiyo natoa, hata iwe nzuri namna gani. Utaijua, reli zote mbili zinaanzia miguuni pa mpiga picha. Lakini uliza kwanza, kwa sababu kwa kona mtu anaweza kusimama nje kabisa, mbali, na lenzi ndefu, na picha ikaonekana kama yuko katikati. Mara moja nilitoa ya msichana mmoja bila kumuuliza, kumbe alikuwa juu ya daraja la watu. Nilimpigia nikaomba msamaha, tukairudisha, ikawa ya tatu.

Mwisho tulibadilisha fremu. Ya chungwa tulimrudishia mwenyewe na maelezo tumeandika nyuma kwa penseli, ya ukungu ndiyo iko ukutani sasa, na mzee aliomba kopi yake, akaenda nayo kwa mfuko wa koti.