Swali la Lugha: Je, Lord Elgin aliwapa Wakanada uhuru?

SWALI: Natafsiri kijitabu cha historia ya Kanada kwa wanafunzi wa sekondari. Niliandika hivi: "Mwaka 1848 mkabaila Elgin, liwali wa Kanada, aliwapa wakoloni uhuru na kumteua LaFontaine kuwa waziri mkuu." Mhariri wangu ameyazungushia wino mwekundu maneno manne: mkabaila, liwali, wakoloni na uhuru. Je, ana haki? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Anayo, kwa yote manne. Mimi ningeongeza la tano ambalo limempita, nalo ni kitenzi "aliwapa". Lakini makosa haya hayalingani uzito, kwa hiyo nitapita haraka kwenye mepesi.

Liwali kwanza. Najua ulikolitoa. Katika Biblia ya Kiswahili, tafsiri ya Union, Pilato ni liwali, na Pilato alikuwa mtu wa kutumwa na mtawala wa mbali, kama Elgin. Ila kwetu pwani liwali ni mtu wa Sultani, na Wajerumani na Waingereza walipoingia walimwacha kwenye kiti chake, lakini chini ya maofisa wao. Ukimwita Elgin liwali umemshusha cheo bila kukusudia. Andika gavana; au, kwa cheo chake hasa, Gavana Mkuu, kama alivyoitwa Richard Turnbull kwetu Tanganyika kati ya Desemba 1961 na Desemba 1962. Kumbuka tu kwamba kijana wa Kenya anayekua leo anamjua gavana kuwa mtu wa kupigiwa kura kwenye kaunti, na wa Tanzania anamjua yule wa Benki Kuu. Kwa hiyo mara ya kwanza unapomtaja, eleza kwamba aliteuliwa London.

Mkabaila ni neno lenye historia nzito zaidi. Kamusi itakukubalia: ni mwenye ardhi anayewakamua wanaoilima. Lakini tangu Azimio la Arusha la 1967 lilipoutaja ukabaila sambamba na ubepari, neno hili limekuwa la kushutumu. "Mkabaila Elgin" si maelezo tena, ni hukumu, na mwanafunzi ataisoma hivyo. Bwanyenye nalo halifai, maana huyo ni tajiri wa mtaji na biashara, si wa nasaba. Mwungwana halimfiki, na mwinyi linamhamishia Unguja. Ukitaka kusema alikuwa mtu wa tabaka lile, sema "mwenye cheo cha kurithi". Elgin alikirithi kweli: alikuwa Earl wa nane wa ukoo wake, na baba yake ndiye aliyezing'oa sanamu za Parthenon, hekalu la kale kule Athens, na kuzipeleka Uingereza. Mke wake alikuwa binti wa Lord Durham, ambaye ripoti yake ya 1839, baada ya maasi ya 1837 na 1838, ndiyo iliyopendekeza Kanada iendeshwe na mawaziri wanaoungwa mkono na bunge la pale pale. Mkwe akaja kutekeleza aliyoyaandika baba wa mkewe. Ukitaka kuonyesha jinsi tabaka hilo lilivyofanya kazi, huo mfano unatosha kuliko kivumishi chochote.

Hata hivyo, usidhani kila gavana alikuwa wa aina hiyo. Sydenham, aliyemtangulia Elgin kwa miaka michache, alitoka ukoo wa wafanyabiashara, na ulodi alipewa ukubwani.

Sasa wakoloni. Hapa sentensi yako inageuka kichwa chini. Kwa Kiswahili mkoloni ni anayetawala nchi ya wengine, hivyo msomaji atakuelewa kwamba Elgin, mkoloni, aliwapa wakoloni wenzake uhuru. Walowezi ni neno bora, ingawa Wafaransa wa ukingo wa mto St. Lawrence walikuwa wamekwisha kaa pale zaidi ya karne mbili. Lakini usikimbilie kuandika "wananchi" pia. Waliopiga kura walikuwa wanaume wenye mali. Wenyeji wa asili wa nchi ile hawakuulizwa, na mwaka 1849 sheria ikaandikwa kuwazuia wanawake waziwazi. "Wapiga kura wa Kanada" ndiyo hesabu ya haki.

Tufike kwenye uhuru, ambako ndiko kwenye kazi. Mwaka 1848 Kanada haikupata uhuru. Na ile Kanada yenyewe ilikuwa sehemu tu ya Ontario na Quebec za leo. Mambo ya nje na vita yalibaki London. Kilichobadilika ni kwamba mambo ya ndani yaliingia mikononi mwa mawaziri waliokuwa na wingi bungeni. Kiswahili kina neno la hali hiyo hasa, nasi tulilipata kwa kuipitia: madaraka. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata madaraka, Kenyatta akawa Waziri Mkuu, na gavana Mwingereza akabaki. Uhuru ulingoja mpaka tarehe 12 Desemba. Tanganyika nayo ilipata serikali ya madaraka Mei 1961, na uhuru Desemba. Kwa Mtanzania wa leo, anayesikia "madaraka" akafikiria cheo cha ofisini, ongeza kidogo: madaraka ya ndani.

Lakini madaraka peke yake hayasemi yote, kwa sababu koloni laweza kupewa madaraka na gavana akaendelea kuchagua mawaziri anaowapenda. Hilo ndilo lililogombewa Kanada. Mwaka 1843 Baldwin na LaFontaine walijiuzulu, pamoja na karibu mawaziri wenzao wote, kwa kuwa gavana Metcalfe aligawa vyeo bila kuwashauri. Neno la mzozo ule ni kuwajibika, na uzito wake uko kwenye "kwa": kuwajibika kwa nani? Metcalfe alitaka wawajibike kwake. Wao walitaka kuwajibika kwa bunge. Kwa hiyo usiandike "serikali yenye uwajibikaji", maneno ambayo siku hizi yanasikika kama sifa ya warsha za utawala bora. Andika "serikali inayowajibika kwa bunge", kila mara, hata kama ni ndefu. Tena Mtanzania ana faida hapa. Kwake "waziri amewajibika" huweza kumaanisha moja kwa moja kwamba ameachia ngazi, kama Ali Hassan Mwinyi alipoacha uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977. Mwinyi hakushindwa kura bungeni, lakini fikra ya kulipa kwa kiti ni hiyo hiyo.

Kuhusu "waziri mkuu", mhariri wako ameliacha na sitagombana naye. Kisheria LaFontaine alikuwa mwanasheria mkuu wa upande wa Kanada Mashariki (Quebec ya leo), na Baldwin wa Magharibi (Ontario). "Kiongozi wa mawaziri" ingekuwa makini zaidi, ukibakiza "Waziri Mkuu" kwa ajili ya John A. Macdonald, aliyekuwa wa kwanza kushika cheo hicho mwaka 1867.

Na sasa kitenzi chako. Elgin hakumpa mtu kitu. Mawaziri waliokuwapo walishindwa kura bungeni mapema Machi 1848 wakaondoka, naye akamwita LaFontaine aunde serikali. Mwaka uliofuata alitia saini muswada wa kuwalipa fidia waliopoteza mali katika maasi, kwa kuwa mawaziri wenye wingi waliutaka. Umati wenye hasira ukalirushia gari lake mayai na mawe, kisha ukalichoma bunge lililokuwa Montreal. Sentensi yako ningeiandika hivi: "Machi 1848 Lord Elgin, Gavana Mkuu, alimwita LaFontaine aunde serikali, na tangu hapo mawaziri wa Kanada wakawajibika kwa bunge."

Ukiendelea na makoloni mengine, chunga vitenzi hivyo hivyo. Bartle Frere, yule yule aliyekuja Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash asitishe biashara ya watumwa, na ambaye jina lake limebaki Frere Town, Mombasa, alikuwa gavana wa Koloni la Rasi, Afrika Kusini, mwaka 1878. Aliwaondoa Molteno, kiongozi wa mawaziri wa koloni hilo, na mawaziri wake, ingawa bunge lilikuwa upande wao. Hapo usiseme "walijiuzulu". Sema "aliwauzulu".

Mwisho, majina. "Lord" hukaa na jina la cheo: Lord Elgin. "Sir" hukaa na jina la kwanza: Sir Bartle, kamwe si "Sir Frere" kama magazeti yetu yanavyopenda. Ukifika New Zealand utamkuta Sir George Grey, gavana mara mbili, kisha kiongozi wa mawaziri kuanzia 1877 hadi 1879. Asichanganywe na Earl Grey aliyekuwa waziri wa makoloni London wakati wa Elgin, wala na Sir George Grey mwingine aliyeishika wizara hiyo hiyo mwaka 1854. Ukiandika "Grey" peke yake, mwanafunzi wako amepotea.