Difu ikilia baada ya kufungwa, usikimbilie dukani

Kijana anayeingia gereji leo hufundishwa kushusha difu, lile boksi la gia kwenye ekseli linalopeleka nguvu kwenye magurudumu, haraka na kuifunga kwa kukisia. Nami nilianza hivyo. Hilux ya kwanza niliyoifunga krauni (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) mpya ilirudi siku ya nne, inalia kila dereva akikanyaga mafuta, beringi za pinioni zimeungua hadi zikawa bluu. Nilikuwa nimekaza nati ya pinioni kwa bomba refu, ikapitiliza, nikailegeza kidogo nikaridhika. Ile bushi inayobonyea katikati ya beringi mbili ikishabonyea hairudi. Ukipitiliza, itoe, weka mpya.

Sasa nakaza nati kidogo, nazungusha pinioni, napima uzito wake wa kuzunguka, krauni ikiwa bado haijaingia. Spana ya torki (inayopima nguvu ya kuzungusha) ya vipimo vidogo ni ghali, kwa hiyo nazungushia kamba kwenye flenji, ile sahani ya pinioni inayofungwa propela shafti, na kuivuta kwa mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki. Kama kutoka katikati hadi ukingo wa flenji ni sm 5 na mizani inasoma kilo 2 flenji ikizunguka, hiyo ni karibu Nm 1. Linganisha na kitabu cha gari husika. Beringi mpya hutaka uzito wa kuzunguka zaidi ya zilizokwishatumika.

Plei ya krauni, yaani nafasi ya kucheza kati ya meno yake na ya pinioni, haipimwi kwa kidole. Tumia dayo geji (saa ya kupimia mwendo mdogo), pinioni ishikwe isicheze. Kwa Hilux natafuta mm 0.13 hadi 0.18, sehemu tatu au nne za krauni. Zikipishana sana, krauni haikukaa vizuri. Ndiyo maana naichemsha kwanza kwenye sufuria la maji: inapanuka, inaingia bila nyundo. (Mama lishe jirani aliniazima sufuria lake mara moja tu.)

Halafu paka rangi meno matano sita ya krauni, mwenzako aibane krauni kwa ubao iwe nzito, zungusha pinioni mbele na nyuma. Alama ikikaa chini kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno, punguza shimu, ile pete nyembamba kati ya kichwa cha pinioni na beringi yake. Ikikaa juu kwenye ncha, ongeza. Ukigusa shimu, plei inabadilika, unapima tena. Kwa majaribio hayo natunza beringi kuukuu ya saizi ileile, niliyoipiga msasa tundu lake hadi ikavalika kwa mkono.

Na kabla hujafungua chochote, vipige alama vifuniko vya beringi za pembeni zinazobeba krauni, cha kushoto na cha kulia. Vilichongwa vikiwa vimefungwa kwenye nyumba ya difu hiyohiyo, havibadilishani.