Chakula cha bure kanisani: anzeni na sufuria moja

Dada, umesema mko wanane, mnataka kulisha wazee na watoto wa mtaa kila siku baada ya ibada. Kila siku hapana. Mtachoka kabla mwezi haujaisha, na mtu aliyezoea kula kwenu atakuta mlango umefungwa. Anzeni Jumamosi moja kwa mwezi.

Mwoneni kwanza mchungaji na wazee wa kanisa, kisha mwenyekiti wa mtaa. Yeye ndiye anayejua nani analala njaa bila kusema.

Pikeni wali maharage. Kwa watu 50, kilo 8 za mchele na kilo 4 za maharage zinatosha. Maharage yalowekwe tangu usiku, mtaokoa kuni nyingi. Omba vitu kuliko fedha: huyu kilo ya mchele, yule mafuta, mwingine mkaa. Fedha kidogo itakayoingia iandikwe daftarini na washike wawili, maana hapo ndipo maneno huanzia (kwetu yalianzia kwenye nyanya!).

Maji ya kunawa na sabuni viwe mlangoni. Na msihubiri kabla ya kupakua. Mtu mwenye njaa hasikii, na jirani Mwislamu asione ametegwa.