Masimulizi ya Biharwe: niyatupe?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma historia na nimerekodi wazee hapa Mbarara, Uganda, wakisimulia siku jua "lilipoanguka" Biharwe, karibu na hapa. Msimamizi wangu ameandika pembeni: "Hadithi si ushahidi." Niyatupe?

Jibu: Marahaba. Usitupe kitu. Msimamizi wako angeuliza tu: ushahidi wa nini?

Kisa chenyewe kinajulikana. Mukama (yaani mfalme) Olimi wa Bunyoro alikuwa anaondoka na ng'ombe alioteka Nkore, ufalme wa huko Mbarara, jua likazimika mchana, jeshi likakimbia, ng'ombe wakabaki. Watafiti walipokokotoa kupatwa kwa jua kulikopita eneo hilo, wengi wakachagua kule kwa Aprili 1520. Sawa, lakini falaki inathibitisha kivuli tu. Kwamba Olimi alikuwa chini yake siku hiyo, hilo tumelipata kwa wasimulizi peke yao, na simulizi huweza kuunganisha vita vya mwaka mmoja na giza la mwaka mwingine.

Sasa rudi kwenye rekodi zako. Mzee akitamka "1520", simamisha hapo. Babu yake hakuhesabu miaka hivyo. Tarehe hiyo imetoka darasani, redioni au kitabuni, na huenda mengine yameingia pamoja nayo. Hapo una ushahidi mzuri wa kinachosomwa Mbarara, si wa karne ya 16. Muulize alisimuliwa na nani, akiwa na umri gani, kwenye shughuli gani. Yaandike maneno yake kwa Kinyankore kwanza, tafsiri baadaye. (Wanafunzi wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa kwa nini wazee wote wanaongea kama wao.)

Angalia pia nani ananufaika. Orodha ya wafalme wa Bunyoro iliyochapishwa miaka ya 1930 ilitoka ikulu, wakati Bunyoro ikidai kaunti zake zilizokuwa chini ya ufalme wa Buganda. Ukoo wenye wafalme wengi una madai mazito zaidi. Simaanishi orodha ilitungwa, ila isome ukikumbuka hayo madai. Vivyo hivyo Nkore: kisa kinachoishia na ng'ombe kurudi nyumbani kina sababu ya kupendwa.

Kwenye tasnifu, sentensi "Olimi alikimbia mwaka 1520" ifute. Andika nani anasema hivyo na amekipata wapi. Na nauli ikipatikana, nenda Hoima, huko Bunyoro, ukasikie Wanyoro wanavyokisimulia, kama wanakisimulia kabisa.