Kadi mbili mpya, kosa lilelile: kagua bakipleni kabla hujaagiza kadi ya PLC

Habari zenu wakuu. Leo naongelea kitu ambacho mafundi wengi wa viwandani tunakiruka, ule ubao wa nyuma ndani ya raki ya PLC (kompyuta ya kuongoza mitambo), bakipleni. Ukifungua paneli unaona kadi zimepangana, vitaa vinawaka, macho yote yanaenda hapo. Ubao unaozipa kadi umeme na kuzipitishia mawasiliano na CPU, kadi ambayo ndiyo ubongo wa PLC, huuoni mpaka uchomoe kadi. Mimi niliujua kwa gharama ya kadi mbili.

Ilikuwa masika, kiwanda kimoja cha unga hapa Moshi, jina naliacha. Elevata ya nafaka ilikuwa inajizima yenyewe, leo mara mbili kwa shifti, kesho haizimi kabisa. Raki ni SLC 500 ya zamani, PLC ya Allen-Bradley. Nikiweka laptop naona inputi (ishara zinazoingia kutoka kwenye mtambo) za sloti 3, yaani nafasi ya kadi namba 3, zinapotea zote kwa mpigo halafu zinarudi kama hakuna kilichotokea. Nikasema hii kadi imekufa. Tukaagiza Nairobi, ikaja na basi kupitia Namanga, siku nne tunafanya kazi ya kuungaunga, nikaichomeka, kimya, nikaenda zangu nyumbani Pasua kulala. Saa nane usiku simu inaita, "Fundi, imezima tena." Nikaagiza ya pili, na hapo meneja akaanza kunitazama kama vile nina hisa kwenye hilo duka la kadi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu wa mitambo, tulikuwa tunamwita Meku tu. Alikuja, akaangalia, akaniuliza, "Kijana, hiyo kadi umeihamisha?"

"Niihamishie wapi Meku, si programu itagoma?"

"Huyo jirani yake si pacha wake? Wabadilishane."

Nikabaki mdomo wazi. Kweli huwezi kuhamisha kadi hovyo maana CPU inajua sloti ipi ina kadi ya aina gani, ukichanganya inaleta folti. Ila sloti 3 na 4 zote zilikuwa na 1746-IM16, inputi kumi na sita za AC, kwa hiyo CPU haioni tofauti. Unazima umeme wa raki (SLC usichomoe kadi ikiwa hewani, ControlLogix, PLC mpya zaidi ya kampuni hiyohiyo, ndiyo inaruhusu hiyo michezo), unabadilisha kadi, nyaya unaziacha na tamino zake (viungio zinapofungwa) palepale, unawasha, unasubiri. Kosa likihama na kadi, kadi ndiyo mbovu. Likibaki sloti ileile, umebaki na washukiwa wawili, nyaya au bakipleni. Sisi lilibaki sloti 3. Tukaacha mita kwenye tamino ya hiyo kadi, inputi zikapotea huku volti 230 zipo vilevile, hazijatikisika. Basi nyaya zikatoka kwenye kesi.

Tukamulika na tochi. Kontakti za soketi ya sloti 3 zilikuwa na kutu ya kijani kwa chini na unga ulioganda kama uji mkavu. Kumbe hiyo sloti ilikaa tupu miaka, haina kifuniko, mpaka walipoongeza laini ndiyo wakachomeka kadi juu ya uchafu wote huo. Unga ukinyonya unyevu wa masika ndiyo hayo. Vifuniko vya sloti tupu ni vya plastiki, vinauzwa, viwekeni jamani.

Tulipuliza kontakti klina, ikapona wiki mbili, ikarudia. Usidanganyike kuchomelea soketi ya bakipleni kwa risasi ya kuchomelea ya mtaani, utaunguza njia za shaba za jirani na utabaki na raki ambayo haina hata sloti moja ya kuaminika. Badilisha raki nzima. Ukiagiza soma namba ya mwisho, 1746-A7 ni sloti 7, A10 ni sloti 10, kuna jamaa aliletewa A7 na kadi zake zilikuwa tisa.

Siku ya kuhamisha piga picha kila kitu na simu, andika namba ya sloti kwenye kila kadi. Kabla ya yote chukua bakapu ya programu na uangalie betri ya CPU, maana betri ikiwa imekufa na wewe ukachomoa CPU, programu inaweza kufutika na hapo hata Meku hakusaidii. Halafu kama na pawa saplai ni mpya, 1746-P1 na P2 zina jampa ya kuchagua 120 au 240. Ikija imewekwa 120 ukaiwasha na umeme wetu, utasikia harufu tu.

Na kabla ya kuilaumu bakipleni pima volti 5 za DC ambazo pawa saplai inazipa kadi kupitia bakipleni, wakati kadi zote zinafanya kazi. Pawa saplai ya zamani kapasita zake zikikauka, bila mzigo inaonyesha tano safi, ukiweka mzigo inashuka, na dalili zinafanana mno na za bakipleni mbovu. Piga hesabu pia, P1 inatoa 2A tu kwenye 5V, P2 inatoa 5A. Kadi ya inputi kama IM16 inakula 0.085A lakini kadi ya outputi (inayotoa amri kwa mtambo) ya OA16 ni 0.37A, kwa hiyo kadi mbili za outputi zinakula kuliko kadi nane za inputi. Watu wanaongeza outputi kila mwaka na pawa saplai ni ileile.

Ile raki mbovu ninayo nyumbani. Sloti 5 na 6 bado nzima, natestia kadi hapo. Zile kadi mbili nilizomtia hasara meneja zilikuwa nzima muda wote, sasa ndiyo spea za kiwanda.