Samaki wa mlango wa bibi yako

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Umeuliza yule samaki aliyechongwa chini ya mwimo wa mlango wa bibi yako ana maana gani, kwani wenzako kazini wamekwambia ni alama ya uzazi. Wengi husema hivyo: samaki uzazi, mnyororo ulinzi, mtende neema. Hata ile miiba ya shaba wanasema ilianzia India, kuwazuia tembo wa vita wasisukume milango. Hapa Mji Mkongwe tembo apite uchochoro gani? Imebaki pambo, na watu wajue mwenye nyumba anazo.

Ndiyo maana nasema siku zote: habari ya mlango muulize fundi, usimuulize mpita njia.

Wewe ulikuwa mdogo, umelala chumba cha nyuma. Mtembeza wageni mmoja akasimama barazani kwetu, akawaambia wageni wake kuwa samaki yule amewekwa kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mvuvi. Kumbe bibi yako kajibanza nyuma ya mlango, anasikia. Akafungua upande mmoja: "Mvuvi? Marehemu alikuwa karani, na chombo kikiyumba kidogo tu anatapika!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wageni nao wakacheka, kisha wakampiga picha, kichwa wazi, hata kumwomba hawakumwomba. Hilo hakulisamehe. Mimi pia, mpaka leo nikiona kamera uchochoroni roho inanipanda.

Haya, samaki. Ukija mtazame vizuri: magamba yamechongwa moja moja, mkia upo, jicho hakuna. Wachongaji wetu Waislamu waliona vibaya kuchonga sura ya kiumbe hai, basi samaki akawa nusu jani. Sasa kama ana maana kubwa hivyo, mbona wamemficha? Au wamemficha kwa kuwa anayo? Na mashina ya maua yanapanda kutoka pale alipo, kama yameota majini. Hilo si la bure. Lakini pengine fundi alifuata tu mkono wa aliyemfundisha. Muulize fundi, nasema, na fundi mwenyewe kafa zamani.

Ukinibana sana nitakwambia ni riziki. Ila wenzako wakiuliza nani kasema, usimtaje mama yako.

Mama