Milima ya Nandi kusogea mbele kwenye picha

Ndugu, umeuliza kwa nini milima ya Nandi kwenye picha yako ya mashamba ya mpunga ya Ahero, karibu na Kisumu, inaonekana kama imesogea mbele. Umeipaka kijani kilekile cha mpunga. Hewa iliyo kati yako na milima hufifisha rangi za mbali, kwa hiyo kwenye rangi ya milima ongeza nyeupe na buluu, na tone la nyekundu kuzima ukali wa kijani, kisha lainisha ukingo wa mlima kwa brashi kavu. Kijani cha manjano kibaki mbele. Rangi ya akriliki hukauka upesi kwenye joto la Kisumu, kwa hiyo usichelewe. Paka anga na milima pamoja, rangi zikiwa mbichi. Na wapanda mpunga, tafadhali, wasiwe madoa ya kupamba tu: onyesha mgongo uliopinda, maji vifundoni, miche mkononi.